Kuwinda kulungu kwa rivolva kwa masafa ya karibu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka majani yanapoanza kupukutika, ndugu zetu walioko Marekani huuliza maswali yale yale kuhusu kuwinda kwa rivolva, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka. Majibu haya yanahusu kulungu mkia-mweupe wa Marekani (white-tailed deer), si kulungu wa Afrika, na sheria nyingi zilizotajwa ni za Ohio, kwa kuwa wazungumzaji wengi wa Kiswahili wanaishi Columbus na Dayton na wanawinda huko huko. Kanuni hubadilika mwaka hadi mwaka. Kabla ya msimu, soma kijitabu cha mwaka huo kinachotolewa na idara ya wanyamapori ya jimbo lako.

## Mambo ya mwanzo

1. Je, kweli inaruhusiwa kumwinda kulungu kwa bastola?

Ndiyo, katika majimbo mengi ya Marekani, mradi bastola itimize masharti ya jimbo na mwindaji awe na leseni. Masharti hayafanani. Illinois inataka rivolva ya kaliba (upana wa risasi kwa sehemu za inchi) .30 au zaidi yenye mtutu usiopungua inchi 4. Texas ina masharti machache, lakini inakataza kumpiga kulungu kwa risasi ndogo za jamii ya .22 zinazogongwa ukingoni mwa kitako. Masharti ya Ohio yako kwenye swali la 6.

Wala si jambo jipya. Risasi ya .357 Magnum ilitoka mwaka 1935. Mwaka 1955 ikafuata .44 Magnum, baada ya mwandishi na mwindaji wa Idaho, Elmer Keith, kuwabana watengenezaji kwa miaka mingi. Tangu hapo rivolva imekuwa silaha halisi ya kuwindia.

2. Kwa nini mtu aache bunduki ndefu achukue rivolva?

Kwa sababu anataka kumkaribia mnyama. Mwenye bunduki ndefu na darubini anaweza kumpiga kulungu aliye mita 200, naye kulungu asijue kuna mtu. Mwenye rivolva lazima asubiri mpaka aone kope. Inabidi ajue upepo unatoka wapi, njia za wanyama zinapita wapi na mialoni ipi imeangusha matunda, tena akae bila kutikisika. Anayependa kuujua msitu ataipenda kazi hii. Anayetaka tu kujaza friji achukue bunduki ndefu, na hakuna ubaya wowote katika hilo.

Ipo pia sababu ya kawaida: rivolva hukaa kifuani kwenye mkoba wake, mikono yote miwili ikabaki huru kupanda, kuinama na kupenya vichakani.

3. "Masafa ya karibu" ni mita ngapi?

Wengi wanaotumia vilenga vya chuma hujiwekea mpaka wa yadi 50, yaani mita 45 hivi. Mwenye darubini ya bastola na mazoezi ya kutosha anaweza kufika yadi 100. Lakini namba ya mtu mwingine haikusaidii. Mpaka wako unapimwa kwa mkono wako, na namna ya kuupima iko kwenye swali la 15. Kwa wanaoanza, mpaka huo mara nyingi ni mita 25, na kulungu wengi sana huuawa ndani ya umbali huo.

## Sheria na karatasi

4. Mimi si raia wa Marekani. Ninaruhusiwa kushika silaha?

Inategemea umeingiaje. Mwenye kadi ya kijani, kwa sheria ya shirikisho, anahesabiwa sawa na raia katika jambo hili. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi, mtalii au mfanyakazi wa mkataba, amekatazwa kumiliki hata kushika silaha au risasi, isipokuwa awe ndani ya mojawapo ya nafasi chache zilizoachwa. Mojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani. Maana yake leseni inatangulia, bastola inafuata. Asiye na karatasi amekatazwa kabisa.

Hili si la kubahatisha, ndugu. Kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini hata mwenye kadi ya kijani, na kudanganya kwenye fomu ya ununuzi ni kosa la jinai la shirikisho. Kama kesi yako ya uhamiaji bado inaendelea, muone wakili wa uhamiaji kabla hujagusa chochote. Ada yake ni ndogo kuliko hasara unayoweza kuipata.

5. Nahitaji nini ili kununua rivolva?

Kwa muuzaji mwenye leseni uwe umetimiza miaka 21, ujaze fomu namba 4473, na jina lako lipitishwe kwenye uchunguzi wa kumbukumbu za jinai. Bastola hainunuliwi kienyeji jimbo jingine: ukiipenda moja ukiwa safarini, sharti itumwe kwa muuzaji wa jimbo unaloishi na uichukulie hapo.

Mawili yanawanasa watu wetu. La kwanza: aliyepatikana na hatia ya ukatili wa nyumbani, hata kosa dogo, amezuiwa na sheria ya shirikisho. La pili ni bangi. Jimbo linaweza kuwa limeiruhusu, lakini fomu ni ya shirikisho, na huko bado imekatazwa.

6. Ohio inataka nini hasa kwa mwenye rivolva?

Mtutu usiopungua inchi 5, na risasi ya kaliba .357 au zaidi yenye ganda lililonyooka, yaani lisilobanwa shingoni. Rivolva zote za kawaida za kuwindia, kuanzia .357 Magnum mpaka .500, zinaingia hapo kwa upande wa risasi.

Juu ya hilo unahitaji leseni ya uwindaji na kibali cha kulungu, na kama hujawahi kuwa na leseni, cheti cha mafunzo ya uwindaji au leseni ya mwanagenzi anayefuatana na mwenye uzoefu. Saa za kuwinda kwa silaha za moto huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kuisha nusu saa baada ya kuzama. Vaa kizibao au koti la rangi ya machungwa inayong'aa, ni lazima. Dume mwenye pembe ni mmoja tu kwa mwaka mzima, uwe umemwinda kwa upinde au kwa baruti. Wiki kuu ya bunduki huanza Jumatatu baada ya sikukuu ya Thanksgiving.

Ukishaua, ripoti kwenye mfumo wa jimbo kabla ya saa sita mchana ya siku inayofuata. Siku ya mwisho ya msimu muda huo ni mfupi zaidi. Inafanyika kwa simu, hivyo hakuna kisingizio.

7. Mwenye shamba ameniambia kwa mdomo "karibu uwinde". Inatosha?

Ohio haitoshi. Sheria inataka ruhusa ya maandishi, na uwe nayo mfukoni unapowinda. Chapa fomu ya idara, mwende mkakae mezani, mtu aweke sahihi. Mpelekee na kipande cha nyama msimu ukiisha. Wakulima wengi wa kule wamechoshwa na kulungu wanaokula mahindi na soya, na uhusiano mwema unakupa mahali pa kuwinda kwa miaka.

8. Niko Uingereza, Kenya au Tanzania. Je, huku?

Uingereza, hapana. Baada ya mauaji ya shuleni Dunblane, Scotland, ya 1996, bastola zilipigwa marufuku mwaka 1997, na kulungu wa huko huwindwa kwa bunduki ndefu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, na marufuku hiyo ingali ipo. Tanzania ina uwindaji wa vibali chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009, lakini huo ni wa bunduki ndefu na wa wanyama wengine, na una taratibu zake zisizohusiana na majibu haya.

## Silaha na risasi

9. Kaliba gani inafaa?

Ukiuliza bila maelezo mengine, jibu ni .44 Magnum. Risasi yake ya kawaida ya kiwandani ina kichwa cha greni 240, karibu gramu 15.5, kinachotoka mtutuni kwa mita 360 hivi kwa sekunde. Nguvu yake mdomoni mwa mtutu ni joule 1,000 hivi. Linganisha na bunduki ndefu ya .30-06, yenye karibu joule 3,800, utaelewa kwa nini rivolva haisamehe mlengo mbaya. Rivolva haiui kwa kishindo. Inaua kwa kutoboa tundu pana linalopita upande hadi upande, na tundu hilo lazima lipite kwenye mapafu au moyo.

.41 Magnum, ya mwaka 1964, inafanya kazi ile ile kwa teke (msukumo wa silaha kurudi nyuma) dogo kidogo. .45 Colt ni ya tangu 1873, na ukiipakia vizuri kwenye rivolva ya kisasa yenye nguvu haina kasoro kwa kulungu. .454 Casull, .460 na .500 ni kubwa kupita haja. Zinaua, ndiyo, lakini kwa mtu anayeanza zinaharibu mkono: ukishazoea kufumba macho kabla ya mlio, kuiondoa tabia hiyo ni kazi ya miezi. Nunua inayokuwezesha kufanya mazoezi kila wiki.

10. Na .357 Magnum, inatosha?

Inatosha ikiwa karibu, kwa mkono mtulivu, na kwa kulungu aliyesimama ubavu. Risasi ya greni 158 ina karibu joule 725, ambazo si nyingi. Weka mpaka wako mita 30 au chini yake, chagua kichwa kinachopenya badala ya kile cha kujilinda kinachotanuka haraka, na uwe tayari kumwachia kulungu yeyote aliyekaa vibaya. Wapo wanaosema haifai kabisa. Mimi nasema inafaa kwa mwindaji mwenye subira.

11. Bastola yangu ya kujilinda nyumbani itafaa?

Mara nyingi hapana. Rivolva za kubeba mfukoni zina mitutu ya inchi 2 hadi 4, na hiyo peke yake inavunja sheria ya Ohio. Mtutu mfupi pia unapunguza kasi ya risasi, na vilenga vyake vidogo vinakosesha. Kwa uwindaji tafuta mtutu wa inchi 6 hadi 7 na nusu. Ruger Super Blackhawk, iliyoanza 1959, na Redhawk ya 1979 zimejaa kwenye maduka ya silaha zilizotumika, na ni imara sana.

12. Darubini, nukta nyekundu au vilenga vya chuma?

Macho yakiwa mazuri, vilenga vya chuma vinatosha ndani ya mita 40, na rivolva inabaki nyepesi. Kuanzia umri fulani kilenga cha mbele kinageuka ukungu. Hapo nukta nyekundu, yaani kilenga kinachoonyesha nukta ya mwanga, inasaidia sana, hasa alfajiri msituni ambapo chuma cheusi kinapotea juu ya mnyama wa kahawia. Darubini ya bastola ni ya masafa marefu zaidi, na inataka mahali pa kuegemea kila mara.

13. Nitumie risasi ya namna gani?

Zinazofaa ni tatu. Kichwa laini kilichovikwa shaba hutanuka na ndicho cha kawaida. Kichwa kigumu cha madini ya risasi (lead) yaliyoyeyushwa na kumiminwa, chenye pua pana iliyokatwa bapa, hakitanuki sana lakini kinapenya moja kwa moja na kuacha matundu mawili ya kutoa damu. Cha shaba tupu hutanuka bila kuacha vipande vya madini ya risasi mwilini. Jaribu kila moja kwenye rivolva yako, kwa sababu bastola mbili za kiwanda kimoja zinaweza kupenda risasi tofauti. Kuhusu madini hayo kwenye nyama, tazama swali la 26.

14. Ni salama kujaza matundu yote sita ya silinda?

Kwenye rivolva ya kisasa, ndiyo. Ruger zilizotengenezwa tangu 1973 zina kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini inayogonga risasi pale tu triga inapovutwa, na bila kuvuta triga pini haiguswi. Rivolva za zamani za kukoki (kuvuta nyundo nyuma) kwa mkono, pamoja na nakala halisi za rivolva ya Colt ya 1873, hazina kinga hiyo: ikianguka na nyundo ikagonga jiwe, inalipuka. Hizo zijazwe tano, nyundo ikae juu ya tundu tupu. Kama hujui yako ni ipi, mpelekee fundi wa silaha, na mpaka hapo jaza tano.

## Mazoezi

15. Nitaujuaje mpaka wangu wa umbali?

Chukua sahani za karatasi za kulia chakula, zile za upana wa sentimita 20 hivi. Huo ndio ukubwa wa eneo la moyo na mapafu ya kulungu. Ibandike moja mita 15 na upige risasi sita ukiwa umekaa au umepiga goti kama utakavyokuwa msituni, si ukiwa umeegemea mifuko ya mchanga juu ya benchi. Zote sita zikiingia, sogea mita 20, kisha 25. Pale risasi ya kwanza inapotoka nje ya sahani, rudi hatua moja nyuma, na hapo ndipo mpaka wako ulipo.

Kisha fanya jaribio hilo ukiwa umevaa koti nene na glovu, baada ya kupanda mlima mbio kidogo. Mpaka utapungua. Ule uliopungua ndio wa kweli. Rudia kila mwezi, na hasa wiki mbili kabla ya msimu. Mtu akiniambia "nampiga mita 80", namuuliza ameijaza sahani mara ngapi akiwa na glovu.

16. Ninashtuka kabla ya mlio. Nifanyeje?

Rudi kwenye risasi nyepesi. Rivolva ya .44 Magnum inakubali .44 Special, ya 1907, yenye teke dogo sana, na ile ya .357 inakubali .38 Special. Piga hizo mpaka mkono uache kuogopa, ndipo uchanganye: rafiki akujazie silinda, matundu mengine yenye risasi na mengine yenye maganda yaliyokwisha kupigwa, nawe usijue lipi ni lipi. Nyundo ikiangukia tupu na mdomo wa mtutu ukainama, umeuona ugonjwa wako waziwazi. Nyumbani fyatua bila risasi kila siku dakika kumi, baada ya kukagua silinda mara mbili na risasi zote zikiwa chumba kingine.

17. Nitumie kukoki kwanza au kuvuta triga moja kwa moja?

Koki kwanza, kila mara, kwa mnyama. Mvuto mrefu wa triga unatikisa mtutu.

18. Niweke wapi mikono na niegemee nini?

Mikono miwili, daima, na uegemee kitu: goti, fimbo za kulengea, shina la mti. Kinachoegemea ni mkono au kifundo cha mkono, si mtutu. Mtutu ukigusa mti moja kwa moja, risasi inakwenda kwingine.

Hapa kuna hatari ambayo watu waliozoea bunduki ndefu hawaijui. Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya mwembamba, na gesi ya moto inachomoka hapo pembeni kwa nguvu. Kidole kikiwa mbele ya silinda kitachanika, na kwa .460 au .500 kinaweza kukatika. Usishike kamwe mbele ya silinda, na usilaze rivolva juu ya mkono wa mbele au paja.

19. Masikio nayafunga msituni pia?

Ndiyo. Mlio wa bastola za Magnum unapita desibeli 160, na sauti inayozidi 140 inaweza kuharibu sikio kwa mpigo mmoja. Nunua vifuniko vya kielektroniki: vinakuza sauti ya jani linalokanyagwa na kuziba ya baruti. Baada ya kuvitumia, wengi hawataki tena kukaa msituni bila hivyo.

## Msituni

20. Nikae wapi?

Pale kulungu watakapopita mita 20 kutoka kwako bila kujua. Tafuta njia nyembamba zilizokanyagwa, hasa zinapobanwa kati ya bonde na uzio, au zinapotoka vichakani kwenda kwenye mialoni. Kaa upande ambao upepo unatoka kwao kuja kwako. Pua ya kulungu haidanganyiki. Hakuna sabuni wala dawa ya kunyunyizia inayoshinda upepo mbaya.

Dungu la mtini linakuweka juu ya macho yao, na risasi ikipita inaingia ardhini, jambo jema kwa usalama. Lakini kuanguka ndiko kunakoumiza wawindaji wengi kuliko risasi. Jifunge mkanda wa mwili tangu mguu unapotoka ardhini. Rivolva ipande baadaye kwa kamba, ikiwa tupu.

21. Nilenge wapi, na kulungu awe amesimamaje?

Mkao bora ni ubavu mzima, au mshazari akiwa amekupa nyuma kidogo. Fuata mstari wa nyuma ya mguu wa mbele kutoka chini, panda theluthi moja ya kimo cha kifua, hapo ndipo. Kwa aliye mshazari, waza mguu wa mbele wa upande wa pili na uilekeze risasi itokee hapo.

Usimpige kichwani, kwani ubongo ni mdogo na kichwa hakitulii. Wengi wamevunja taya na mnyama akafa kwa njaa. Usimpige wa mbele uso kwa uso, wala wa nyuma, wala anayekimbia. Na angalia kilicho nyuma yake: risasi ya .44 iliyokosa inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Kulungu aliyesimama juu ya kilima, anga likiwa nyuma yake, haguswi.

22. Nikikoki, atasikia?

Atasikia. Mlio wa nyundo ni wa chuma, na msituni hakuna chuma. Subiri kichwa kipite nyuma ya shina la mti, au ainame kula, koki hapo, kidole kikiwa nje ya triga. Asipokupa nafasi, ukaamua kutopiga, elekeza mtutu chini mahali salama, shika nyundo kwa dole gumba na uishushe polepole. Hilo nalo lifanyie mazoezi mengi na bastola tupu, maana vidole vya baridi huteleza.

Akiinua kichwa na kukutazama, usihame. Atapiga kwato moja chini, atainamisha kichwa kama anayekula kisha akiinue ghafla akutege. Mkia ukibaki chini, ataendelea na mambo yake. Mkia mweupe ukisimama, amekwisha ondoka.

23. Nimempiga, amekimbia. Nimemkosa?

Huenda hukumkosa. Kulungu aliyetobolewa mapafu yote mawili hukimbia mita 50 hadi 100 kabla ya kuanguka. Tazama alipokuwa amesimama, tazama mahali pa mwisho ulipomwona, weka alama akilini, kisha keti. Subiri nusu saa, hata kama moyo unakusukuma.

Ukishuka, nenda kwanza pale aliposimama ukatafute nywele na damu. Damu nyekundu nyepesi yenye povu la vitone vidogo juu ya jani la mwaloni ni ya mapafu: hayuko mbali. Nyekundu iliyoiva, karibu na weusi, ni ya ini: rudi, subiri muda wa saa tatu au nne. Ukiona majimaji ya kijani au mabaki ya majani yaliyotafunwa yenye harufu, ni utumbo. Hapo ondoka kimya kimya, urudi baada ya muda wa saa sita hadi kumi na mbili kupita. Ukimfuata mapema ataamka alipolala na kukimbia kilomita nzima, na huenda usimpate tena.

24. Damu imekatika. Niache?

Usiache. Bandika karatasi ya chooni kwenye kila alama ya damu, ugeuke uone mstari unaelekea wapi. Tafuta kwenye maji na mabonde, mnyama aliyejeruhiwa hupenda kuteremka. Ohio na majimbo mengine kuna watu wenye mbwa waliofunzwa kufuata majeruhi. Tafuta namba zao kabla ya msimu. Akivuka mpaka wa shamba, pata ruhusa ya mwenye shamba huyo kabla hujaingia.

Ukimkuta bado hai, mkaribie kwa nyuma, uhakikishe nyuma yake ni ardhi, na umpige tena kifuani. Wanaokusudia kuchinja wasome swali linalofuata.

## Nyama

25. Nyama yake ni halali kwa Mwislamu?

Kulungu ni mnyama halali. Kinachoulizwa ni namna alivyokufa. Taja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, si baadaye. Ukimfikia angali na uhai wa kutosha, mchinje. Usimwache afe kwa jeraha na kisu unacho kiunoni. Akifa kabla hujamfikia, wanazuoni wengi wa leo huruhusu kuliwa kwa sababu risasi imetoboa na kumwaga damu, wakitegemea hadithi ya swahaba Adi bin Hatim inayoruhusu mnyama aliyechomwa kwa ncha na kumkataza aliyeuawa kwa kugongwa. Wapo, hasa katika madhehebu ya Hanafi, wanaoona risasi ni pigo la uzito na hawairuhusu. Hadithi hiyo hiyo inakataza aliyekutwa amezama majini. Muulize sheikh wako kabla ya msimu, wala usingoje mpaka nyama iwe imefika mezani na wageni wamekaa.

26. Kuna magonjwa au sumu?

Ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, uliotambuliwa Colorado mwaka 1967, uligunduliwa kwa kulungu wa porini wa Ohio mwaka 2020, katika kaunti ya Wyandot. Hakuna mtu anayejulikana kuupata, lakini ushauri wa serikali ni kutokula nyama ya mnyama aliyepimwa akakutwa nao. Ukiwinda katika eneo la uangalizi, peleka sampuli ipimwe na ungoje majibu. Vaa glovu unapopasua, usikate ubongo wala uti wa mgongo.

Kuhusu madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu: vichwa vilivyotengenezwa kwa madini hayo laini huacha vipande vidogo visivyoonekana kwa macho, mbali na tundu lenyewe. Kata nyama yote iliyovilia damu, na nyingine ya ziada kuizunguka. Kama kuna watoto au mjamzito nyumbani, tumia shaba tupu na umalize mjadala. California imekwisha kukataza madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 2019.

27. Naweza kuuza nyama kwa jamaa?

Hapana. Nyama ya kulungu wa porini haiuzwi, hata kwa bei ya kutupa, hata kanisani au kwenye hafla ya msikiti. Toa bure, na mwandikie mpokeaji karatasi inayosema nyama imetoka kwa nani na lini.

## Maswali ya pembeni

28. Nasafirije na rivolva kwa ndege ndani ya Marekani?

Iwe tupu, ndani ya sanduku gumu lililofungwa kwa kufuli, kwenye mzigo wa kupakiwa, na uitangaze kaunta. Kamwe isiingie kwenye begi la mkononi. Angalia sheria za jimbo unalotua na unalounganishia safari pia: ndege ikichelewa ukalala New York au New Jersey na sanduku lako, unaweza kuingia matatani.

29. Nimegonga kulungu kwa gari, anateseka barabarani, na rivolva ninayo. Nimmalize?

Piga simu polisi kwanza. Kufyatua barabarani, usiku, kando ya magari, ni hatari na mara nyingi ni kosa, hata nia iwe njema kiasi gani. Ofisa akifika anaweza kummaliza mwenyewe, na Ohio anaweza kumwandikia dereva risiti ya kumchukua mnyama. Iombe risiti hiyo kabla hujapakia chochote, kwa sababu bila hiyo unakuwa na kulungu asiye na kibali ndani ya gari. Kisha mpasue haraka: tumbo likiwa limepasuka kwa kugongwa, nyama ya nyuma huharibika ndani ya saa chache hata kwenye baridi.